Ndoo Kumi za Bibi Yako

Kitangari, Ijumaa, baada ya alasiri

Mwanangu Rashidi,

Umeondoka sasa hivi na pikipiki kwenda Newala kumuaga mjomba wako, na vumbi lako bado halijatua. Bibi yako naye amechukua ndoo ya bluu na kata yake ya kuchotea, ameshuka bondeni. Nimemwambia, "Mama, yaliyopo yanatosha." Akanijibu kwamba njukuu wake hawezi kuondoka kwao ameogea maji ya kuazima. Unamjua, akishasema hasemeki. Kwa hiyo nimebaki peke yangu barazani na daftari la mwanafunzi wangu wa Darasa la Nne lililobaki kurasa tupu, na nina mpaka jua lizame kukuandikia jambo nililolikalia tangu kabla hujazaliwa.

Sitakuandikia habari za kufua mashati wala za kuchagua marafiki. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunikwepa. Najua pia utauliza kwa nini nisikutumie meseji. Meseji zangu unazisoma huku unatembea, nyingine huzimalizi, usidhani sijui. Hii nitaiweka juu ya shati lako la safari. Isome umekaa, kabla ya kuoga.

Naogopa, Rashidi. Walimu wenzangu wananitania kwamba naogopa mji utanimezea mtoto. Mji siuogopi, umeshawameza wengi na wengi wametapikwa wazima. Ninachokiogopa ni ile simu yako, na zile nyumba ishirini na moja ulizozitia ndani yake wiki hii.

Ulipopata nafasi ya chuo, mjomba wako alicheka mpaka akapaliwa na chai. "Chuo cha vyuma hicho, mpwa wangu! Wenzio watatoka wanaunda mashine, wewe na hayo masomo yako ya jamii utatoka unaunda nini? Umbea?" Ukamjibu kwa adabu kwamba mashine zote mwisho wake zinakaa na watu, na asiyewajua watu ataishia kuunda vyuma vya kutu. Nilijivuna siku ile. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta sukari ili usione ninavyocheka peke yangu. Nilisema moyoni, huyu ameona mapema nilichokiona mimi nimeshachelewa. Baada ya hapo ikaja ile kazi ya majaribio. Mkaambiwa ninyi wanafunzi wapya wa masomo ya jamii kila mmoja akusanye majibu ya kwao kuhusu maji, aende nayo chuoni, wahandisi wayatumie kuchagua pa kuweka pampu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Jumatatu ulimkalisha bibi yako hapahapa barazani. Sivyo, nimekosea, yeye ndiye aliyekukalisha. Alikutandikia mkeka mpya, akakuletea maji kwenye kile kikombe cha maua kilichofunikwa kisahani. Ulikunywa yote, ukashukuru, ukatoa simu.

"Bibi, kwa siku hapa nyumbani mnatumia ndoo ngapi?"

"Kumi, njukuu wangu. Maji yapo, tunamshukuru Mungu."

Ukabonyeza. Simu ikalia kamlio kadogo, ikakupeleka kwenye swali jingine. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo wa korosho, nikajikuta nimeukumbatia kama mtu anayeogopa kuporwa. Mwishoni kulikuwa na kisanduku cha maoni. Nilikuona ukikiruka. Hukufanya kosa lolote ambalo mwalimu wako angeliona.

Mimi nilishakaa ulipokaa wewe. Swali lilikuwa hilohilo, jibu likawa hilohilo, na aliyenijibu ni mwanamke huyohuyo.

Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne, nangoja matokeo, nafukuza kuku. Likaja gari na wataalamu wa kupima njia ya bomba. Walitaka mtu wa hapa, mwenye mwandiko mzuri, anayejua Chimakonde, awapitishe nyumba kwa nyumba na dodoso. Wakaniteua mimi. Rashidi, usiniulize nilivyoringa! Nilipewa ubao wenye kibanio cha karatasi, nikawa nautembeza hata nikienda dukani kununua chumvi. Wale watu walikuwa na vyombo vya miguu mitatu na tepu ndefu, na kila walichosema kilikuwa na namba. Mwinuko una namba, mteremko una namba, hata upana wa njia yetu ya kushukia bondeni waliupa namba. Nilitamani kuwa kama wao kuliko nilivyotamani kitu chochote maishani.

Siku ya kwanza nilijaribu kuwa mtu wa hapa. Tulipotoka kwenye nyumba ya tatu au ya nne nilimwambia mkubwa wao, mtu mpole tu, kwamba haya majibu watu wanayaongeza. Nikamweleza kwamba huku kwetu mgeni haambiwi maji hamna. Hata kama mtungi umekauka, mgeni atakunywa, atanawa, na akiuliza ataambiwa yapo, maana kumwambia hamna ni sawa na kumwambia arudi alikotoka. Alinisikiliza vizuri. Halafu akauliza, "Umepima?"

Sikuwa nimepima. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Sikumwambia tena neno kama lile, nikawa naandika ninachojibiwa.

Tukafika hapa kwetu. Mama akatandika mkeka, akaleta maji kwenye kikombe cha maua, pacha wa hiki ulichonywea wewe. Yule mtaalamu alipokuwa anakunywa, mimi nilikuwa nimekaa upande wa kuona uani, nikamwona Somoe anapita nyuma ya nyumba na jagi kalificha ndani ya kanga. Alikuwa anatoka kwa jirani yetu, Bi Asumini, kuazima maji ya mgeni kunawa. Tulitazamana. Akanikonyeza, akapita.

Somoe ndiye mdogo wangu niliyemwachia ziwa. Picha yake unaijua, ile ya chumbani kwa bibi. Umeambiwa alifariki kwa ajali, nasi tukakuacha ulielewe hilo neno unavyotaka.

Nikauliza, "Mama, kwa siku ndoo ngapi?"

"Kumi, mwanangu. Maji yapo."

Tulikuwa tunatumia ndoo mbili. Moja aliibeba Somoe, moja niliibeba mimi. Kule chini mpaka hapa unapanda ukuta wa mlima mwendo wa saa nzima, na nilikuwa na upara wa ngata katikati ya nywele nikiwa bado msichana. Yule bwana alikuwa ameniuliza kama nimepima. Shingo yangu ilikuwa imepima. Nikaandika kumi.

Nisikudanganye kwamba nilikuwa mtoto, nilikuwa na akili zangu zote. Sababu ya kwanza, kuandika mbili mbele ya yule mgeni ilikuwa sawa na kumvua mama yangu nguo hadharani. Hiyo ni sababu nzuri, na nimejifunika nayo miaka mingi. Sababu ya pili ni mbaya. Sikutaka kuulizwa tena kama nimepima. Chini ya kila karatasi palikuwa na nafasi imeandikwa "Maelezo mengine," mistari minne mizima. Ningeweza kuandika hapo bila mama kuona na bila kumvua mtu chochote. Niliiacha tupu nyumba zote. Yule mtaalamu alizifunua karatasi zangu garini, akasema, "Binti, kazi yako ni safi sana." Nililala na hiyo sifa.

Bomba likapita mgongo mwingine wa mlima. Sisi tukawekwa kwenye fungu la wanaoweza kusubiri, kwa kuwa karatasi zilisema tunayo maji. Siwalaumu. Walisoma mwandiko wangu, na mwandiko wangu ulisomeka.

Mwaka uliofuata mvua zilichelewa. Visima vya majumbani vya kukinga maji ya bati vikakauka mpaka vikaota nyufa. Kule bondeni chemchemi ikarudi ndani ya mlima, na wanawake wakaifuata. Ndivyo inavyofanyika huku: maji yakirudi nyuma unachimba ukingo kwa jembe la mkono, ukishindwa kwa jembe unachimba kwa kata, leo shubiri moja, kesho shubiri moja, mpaka inakuwa pango, na wewe unaingia kwa magoti kukomba. Juu yako kuna udongo na mikorosho ya watu.

Mimi nilikuwa Newala, kwenye ofisi ya walewale, nanakili dodoso za vijiji vingine. Nilikuwa na kiti cha mbao na birika la chai. Mtu akaja na baiskeli, hakunisalimia. Nilipofika hapa walikuwa wameshamtoa Somoe chini ya udongo. Bi Asumini alikuwa amekaa nje, kucha zake zote zimepasuka na udongo mwekundu umejaa ndani, anaitazama mikono yake bila kulia. Kata haikuvunjika. Waliikuta mkononi mwa Somoe. Hiyo ndiyo kata aliyoshuka nayo bibi yako leo.

Siku ya arobaini, watu wamekwisha kuondoka, mama alikuwa anakunja mikeka. Akasema bila kunitazama, "Hadija, siku ile nilikwambia kumi. Ulikuwa na mgeni."

Hapo ndipo lilipo kosa langu lenyewe, Rashidi, kuliko lile la karatasi. Alikuwa anajishtaki. Mimi nilitakiwa kusema maneno mawili tu: mama, nilijua. Ningesema hivyo angeushusha nusu ya ule mzigo pale pale. Badala yake nilichukua upande wa pili wa mkeka, nikamsaidia kukunja. Nimemwacha mama yangu abebe kifo cha mwanawe peke yake kwa sababu aliniheshimu mbele ya mgeni. Nikasomea ualimu, nikaolewa Chiwata, nikakuzaa wewe, na kila likizo nikija hapa, kama hii, tunazungumza habari za kuku.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mimi nilikuwa mwenyeji na mgeni kwa mpigo mmoja, na mwenyeji hakupona.

Ndiyo maana naiogopa hiyo safari yako, na naomba usinielewe vibaya, sisemi usiende. Huko utakuwa mmoja kati ya wengi wenye kupima. Watakuwa wenzako wazuri, mtakula pamoja, mtacheka. Lakini itafika siku utasema jambo unalolijua kwa sababu umezaliwa nalo, na mmoja atakuuliza lile swali. Utajisikia mdogo. Utatamani kusema kwa namba ili wakuhesabu. Namba utaipata, maana bibi yako atakupa kumi, na bibi za wenzako watakupa kumi, wote kwa upendo. Watu hawatakudanganya kwa ubaya. Watakuheshimu, na simu yako haina kitufe cha heshima.

Kuna jingine linaloninyima raha zaidi. Ulisema wakati tunakula, "Mama, wahandisi wanajua mabomba, sisi tunajua watu, ndiyo maana wanatuhitaji." Ni kweli wanakuhitaji. Nami walinihitaji. Uso wangu ulifungua milango ambayo uso wao usingefungua, na baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena chochote. Mwenyeji akitumwa kwao anakuwa hatari kuliko mgeni, kwa kuwa anaaminiwa.

Sasa nikwambie la juzi, ambalo nimekuficha ili usafiri na moyo mweupe. Nimeshindwa.

Juzi nilishuka bondeni. Wamechimba tena. Bomba la kijijini, lililotufikia baadaye, lina siku zake, na mwezi huu siku hizo zimekuwa chache, kwa hiyo wamerudi kulekule. Pango ni refu kuliko lile la Somoe. Juu ya ukingo pana ufa, nimeingiza kiganja changu chote kikazama, na mizizi ya mkorosho inaning'inia upande wa ndani imekauka. Niliwaambia wanawake waliokuwepo. Mmoja akanijibu taratibu, "Mwalimu, maji ndiko yaliko." Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akanikaribisha vizuri, akaniletea maji ya kunywa, akasema, "Mama Rashidi, pampu inakuja, tuvute subira. Si mwanao ndiye anayeandika? Amepita nyumba zote. Tungoje wasome."

Maji yake niliyanywa, Rashidi. Nilijua yametoka wapi na bado niliyanywa, kwa sababu ningefanya nini?

Umesema majibu hayajaondoka, eti mtandao wa huku unasumbua, utayawasilisha ukifika. Basi bado yako mfukoni mwako. Yakifika huko vile yalivyo, watasoma kitongoji chenye maji ya kutosha, wataupeleka mkono wao kwingine, na hakuna atakayekuwa amekosea isipokuwa wewe na mimi.

Wanawake wameanza kupanda. Nimewahesabu kutoka hapa barazani, wamepita sita. Binti wa Bi Asumini amenisalimia, "Shikamoo, mwalimu," nikamwitikia, nikamuuliza mama yangu yuko wapi. Amesema amemwacha anangoja maji yajikusanye, maana leo yanatoka kidogokidogo na hakutaka kupanda na ndoo nusu. Bibi yako ndiye wa mwisho kule.

Jua limeshagusa miti. Naweka kalamu chini, namfuata.

*

Nimerudi. Mwandiko umeharibika, nisamehe.

Bibi yako mzima. Yumo ndani anapumzika, usimwamshe kwa maswali.

Nilipofika pangoni niliona miguu yake tu. Mwili wote ulikuwa ndani, chini ya ukingo, nikasikia kata inakwaruza mawe. Nilitaka kupiga kelele nikajizuia, niliogopa hata sauti yangu isije ikaangusha udongo. Nikamwita polepole kama ninavyomwita mtoto aliyepanda mti mkavu. "Mama. Mama, toka." Akasema, "Bado kidogo, haijajaa." Nikamwambia imejaa. Nikamdanganya, nikamshika vifundo vya miguu, nikamvuta.

Tulipandisha tukipokezana ndoo. Tulipofika kwenye ule mwamba wa kupumzikia tukasikia kishindo kule chini, kizito, cha mara moja. Ndege wakaruka. Hapakuwa na mtu aliyebaki kule, tulikuwa wa mwisho. Hakuna kati yetu aliyegeuka kutazama. Nikajua nisiposema hapo sitasema tena mpaka mmoja wetu azikwe.

"Mama," nikasema, "siku ile nilijua kwamba si kumi. Nilimwona Somoe na jagi."

Hakuwa na hasira, laiti angekuwa nayo.

"Mbona hukuandika?"

Wewe kesho ukiulizwa hivyo usikose jibu kama mimi.

Tulipofika karibu na uzio nilimuuliza tena, akiwa na ndoo kichwani, bila mkeka, bila kikombe cha maua, jasho linamtoka. "Mama, kwa siku ni ndoo ngapi?" Akajibu, "Moja. Na siku nyingine hamna." Akapita mlangoni kwa kuinama, akaitua.

Ndoo yenyewe ipo nyuma ya mlango, nimeifunika sinia. Ina maji ya rangi ya chai na haijafika juu. Amesema uoge yote, usibakize, ndiyo baraka yake ya safari. Nimechungulia mtungini na kwenye madumu. Hamna mengine.

Ni mimi mama yako, niliyejua na sikuandika.